Laptopu yako kwenye mtandao wa kazini zamu ya usiku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Walinzi, manesi, watu wa mapokezi, wa chumba cha mitambo, wa kituo cha simu, yaani yeyote anayekesha kazini akiwa na laptopu yake kwenye begi, huwa wanauliza karibu vitu vilevile. Nimeviweka hapa pamoja. Majibu mengine ni marefu kwa sababu mambo yenyewe yana kona nyingi, mengine ni mstari tu. Na kama sheria ya kazini kwenu inasema tofauti na nilivyoandika, fuata ya kwenu.

Kwani naruhusiwa kuja na laptopu yangu na kuiunganisha?

Hayo ni maswali mawili. Kuja nayo ni kitu kimoja, kuiunganisha na mtandao wa pale ni kitu kingine kabisa, na watu wengi wanaoingia matatani ni wale waliopewa ruhusa ya la kwanza wakadhani na la pili limo humo humo. Anzia kwenye zile karatasi ulizosaini ulipoanza kazi, kuna ukurasa mara nyingi hakuna anayeusoma unaohusu matumizi ya kompyuta na intaneti, soma huo. Ukikuta wameandika "vifaa binafsi" ndo hapo.

Usipokuta kitu, uliza, na uulize kwa maandishi. Msimamizi wa zamu anaweza kukwambia "we chomeka tu hamna shida" na akawa anasema kwa moyo mweupe kabisa, ila mtandao si wake, ni wa watu wa IT (wanaosimamia kompyuta na mtandao), na siku likitokea la kutokea hatakumbuka kama alisema. Meseji yenyewe haihitaji maneno mengi: "Habari za kazi. Nipo zamu ya usiku, naomba kujua kama naruhusiwa kutumia laptopu yangu binafsi kwenye waifai wakati wa mapumziko, na kama ndiyo ni waifai ipi." Basi. Jibu likija lihifadhi, usilifute hata ukibadilisha simu.

Usiku hakuna mtu ofisini, nani atajua?

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote yanazaliwa hapa. Usiku watu wametoka, taa nusu zimezimwa, mtu anaona kama mtandao nao umelala na hauna mwenyewe. Kumbe kwa mtandao usiku ndo muda wa shughuli. Bakapu za seva, yaani nakala za akiba za zile kompyuta kuu, zinapangwa usiku, apdeti zinapangwa usiku, ukaguzi wa kutafuta mashimo ya usalama unapangwa usiku, kwa sababu mchana kazi hizo zingewasumbua wafanyakazi. Kwa hiyo unaingia kwenye barabara ambayo malori yote yanapita saa hiyo.

Alafu kuna suala la kuonekana. Mchana kuna vifaa mia kadhaa vinaingia na kutoka, chako kinapotea katikati ya vingine. Saa nane usiku vilivyo hewani ni kamera, printa, seva na laptopu yako. Asubuhi fundi akifungua logi, yaani kumbukumbu za nani aliingia kwenye mtandao, hahitaji kutafuta, anakuta mstari mmoja tu usio wa kawaida: saa 02:14, kifaa kipya, jina la kifaa, anwani kiliyopewa (namba ambayo mtandao unakitambua nayo), na kimevuta data kiasi gani. Na hilo jina la kifaa ni lile uliloandika mwenyewe, au laptopu ilijipa, siku unaianzisha, kompyuta huwa inajitambulisha nalo inapoomba anwani kwenye mtandao. Sasa kama uliiita kwa jina lako kamili, mkuu, umesaini daftari la wageni bila kujua.

Sisemi haya ili ubadilishe jina ujifiche. Nasema kwa sababu watu wanafanya hesabu ya usiku kinyume. Ukiwa na ruhusa, kuonekana si tatizo hata kidogo, fundi anaona, anajua ni nani, anaendelea na chai yake.

Wanaona nini hasa nikiwa naperuzi?

Kwenye laptopu yako mwenyewe, ambayo hawajaweka kitu chochote ndani yake, wanaona unaenda wapi lakini hawaoni unafanya nini ukifika. Tovuti karibu zote siku hizi zinatumia HTTPS, maana yake mazungumzo kati ya brauza na tovuti yamefungwa kwa siri. Mtandao unaona jina la tovuti, saa ngapi, kwa muda gani, na data kiasi gani imepita. Hauoni ukurasa gani, hauoni ulichoandika, hauoni paswedi. Ukifungua benki wataona jina la benki, salio hawalioni. Ukifungua tovuti ya ajira wataona jina la tovuti ya ajira, na hilo peke yake linaweza kutosha kuanzisha maneno.

Hayo yanabadilika kama waliwahi kukuwekea cheti cha usalama cha kampuni kwenye laptopu, yaani faili dogo linaloiambia brauza imwamini nani. Cheti hicho kinawapa uwezo wa kusimama katikati, wanafungua yale mazungumzo, wanayakagua, wanayafunga tena, na brauza yako haipigi kelele kwa sababu imeambiwa iwaamini. Kucheki ni rahisi, fungua tovuti yoyote unayoijua, bofya alama iliyo pembeni ya anwani pale juu, ingia sehemu ya cheti uangalie kimetolewa na nani. Ukikuta jina la mwajiri wako, au jina la kampuni ya vifaa vya usalama, badala ya mtoaji vyeti wa kawaida, basi unasomwa.

Kisheria inategemea uko wapi. Kuna kesi moja inatajwa sana, Bărbulescu dhidi ya Romania, ambapo tarehe 5 Septemba 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema haki ya faragha ya mfanyakazi aliyefukuzwa baada ya meseji zake kusomwa na mwajiri haikulindwa ipasavyo. Moja ya mambo yaliyoangaliwa ni kama aliambiwa mapema kwamba anafuatiliwa na kwa kiwango gani. Kwa hiyo hata huko haikusemwa kwamba mwajiri haruhusiwi kufuatilia kabisa. Ndo maana narudi pale pale, soma ulichosaini, mara nyingi uliambiwa mapema na ukaweka sahihi.

Nikitumia ile brauza ya siri, incognito?

Hapana. Ile inaficha historia kwa mtu atakayeshika laptopu baada yako. Mtandao unaona vilevile.

Na VPN je?

VPN, ile programu inayopitisha mawasiliano yako yote kwenye njia moja iliyofungwa, inaficha kweli, hapo sibishi. Wanachoona ni mfereji mmoja kutoka kwenye laptopu yako kwenda kwenye anwani moja, na data inayopita humo, majina ya tovuti hayaonekani tena. Lakini mfereji wenyewe unaonekana. Na mfereji uliofungwa, unaotoka usiku wa manane kwenye kifaa kisichojulikana ukipeleka data nje, ndo picha ileile fundi wa usalama anayofundishwa kuitafuta, maana wezi wa data nao wanatoa mzigo hivyohivyo. Unaweza kuwa unaangalia mpira tu, yeye anaona kengele imelia.

Sehemu nyingi zimefunga VPN za nje moja kwa moja, au zimeandika kwenye sheria kwamba kuitumia kukwepa ukaguzi ni kosa. Kama waifai ya wageni inaruhusu, tumia bila wasiwasi. Kama inakataa usianze kutafuta ya kupenya, hapo unatoka kwenye "nilikuwa sijui" unaingia kwenye "alikuwa anajua akakwepa", na hayo mawili siku ya kujieleza hayafanani.

Tena zile VPN za bure kabisa, za kudownload popote, mimi siziamini. Umemtoa mwajiri umemweka mtu usiyemjua aone unakoenda.

Kuna waifai mbili, ya wageni na ya wafanyakazi, niingie ipi?

Ya wageni. Hata kama paswedi ya wafanyakazi unayo, hata kama ndo yenye spidi.

Sababu ni kwamba zile ni njia mbili zilizotenganishwa, japo zinatoka kwenye kifaa kilekile kilichobandikwa darini. Ya wageni imepangwa iende intaneti tu, haioni printa, haioni seva, na mara nyingi hata vifaa vilivyomo humo havionani vyenyewe kwa vyenyewe. Ya wafanyakazi inaona vitu vya ndani. Laptopu yako ikiwa na shida yoyote, kwenye ya wageni shida inaishia kwako, kwenye ya wafanyakazi inasambaa. Na uzuri mwingine ni wako, maana vitu vyako navyo havionekani na wengine.

Kama hakuna ya wageni kabisa, usijitafsirie kwamba basi ile moja iliyopo ni ya wote. Rudi swali la kwanza.

Kuna tundu la waya wa mtandao ukutani liko wazi, kwa nini nisichomeke tu?

Kwa sababu lile tundu ni mlango wa ndani. Waifai angalau inakuuliza paswedi, waya mara nyingi unakuingiza moja kwa moja sebuleni. Ndo maana sehemu zinazojielewa zimeweka ulinzi kwenye swichi, kile kifaa ambacho nyaya zote za mtandao zinakutana, swichi inakumbuka kifaa gani kinakaa kwenye tundu gani, ikiona kigeni inazima tundu lote na kutuma taarifa. Tundu likishazimwa hivyo mara nyingi halirudi lenyewe hata ukichomoa laptopu yako, mpaka mtu wa IT aingie aliwashe kwa mkono.

Na hapa ndo pa hatari zaidi, kuna wale wanaochomoa waya wa printa au wa kile kiboksi kidogo pembeni ambacho "hakitumiki usiku" ili wapate pa kuchomeka. Kile kiboksi unajua ni cha nini? Inaweza kuwa kamera inarekodi, inaweza kuwa kifunguzi cha mlango, kipima joto cha friji ya dawa, simu ya dharura. Usiku ndo vinafanya kazi kuliko mchana. Printa yenyewe asubuhi mtu wa kwanza kufika atakuta haichapi, swichi imelizima tundu, na logi inaonyesha saa na anwani ya kifaa kilichochomekwa. Hata kama hakuna kilichoharibika, hapo kazi ya kujieleza ni kubwa.

Vilevile usilete rauta yako ukachomeka ukutani ili upate waifai chumbani kwako. Rauta za nyumbani zinagawa anwani, ukichomeka vibaya inaanza kugawia anwani vifaa vya ofisi, na vifaa hivyo vinapotea njia. Ofisi nzima inaamka haina mtandao kwa sababu ya kiboksi kimoja chini ya meza.

Inaonyesha imeunganishwa ila intaneti hamna, shida nini?

Mara nyingi ni ule ukurasa wa kukubali masharti haujafunguka. Waifai za wageni zinakushikilia mpaka ubofye "nakubali" au uweke namba. Ukurasa huo saa ingine haujitokezi wenyewe kwa sababu brauza inalazimisha HTTPS na mtandao hauwezi kuukatiza. Taipu kwenye brauza anwani inayoanza na http bila s, kwa mfano http://neverssl.com, ambayo imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, utaona ukurasa wa waifai unakuja.

Kama una VPN inayojiwasha yenyewe izime kwanza, inajaribu kupita kabla mlango haujafunguliwa. Angalia na saa ya laptopu, ikiwa imekosea tarehe tovuti zote zitakwambia cheti si salama, hii inawapata sana wenye laptopu za zamani ambazo betri ile ndogo ya ndani imekufa.

Alafu angalia anwani uliyopewa. Kwenye Windows fungua lile dirisha jeusi uandike ipconfig. Ukiona anwani inaanza na 169.254 ujue laptopu yako iliomba anwani, ikasubiri, hakuna aliyejibu, ikajipa yenyewe. Hiyo anwani haikupeleki popote. Zima waifai uwashe tena, ikiendelea hivyo tatizo liko upande wao, labda anwani zimeisha au kifaa chako kimekataliwa. Hapo acha. Usianze kujiandikia anwani kwa mkono, unaweza kuchukua ya kifaa kingine mkaanza kugombana, na kifaa hicho kinaweza kuwa kile cha mlango tulichosema.

Wameniambia nitume anwani ya MAC, hiyo ni nini na ni salama kuitoa?

Ni namba ya kadi ya mtandao ya laptopu yako, herufi na namba kumi na mbili, zimegawanywa mbili mbili. Wanaitaka ili wakusajili. Ni salama, kila ukijiunga na mtandao laptopu inaitaja yenyewe.

Kitu cha kuangalia ni kwamba simu karibu zote za sasa, na baadhi ya laptopu, zinatumia namba ya kubuni ili usifuatiliwe mtandao hadi mtandao. Ni kitu kizuri mtaani, ila kazini unajikuta umesajiliwa kwa namba moja na unakuja na nyingine, waifai inakukataa, au ule ukurasa wa masharti unakuja upya kila siku. Ingia kwenye mipangilio ya waifai hiyo moja, uzime hicho kipengele kwa mtandao huo tu, kwingine kiache kiwake. Na hakikisha umewatumia namba ya waifai, si ya tundu la waya, laptopu nyingi zina zote mbili na zinatofautiana.

Naweza kudownload muvi na gemu usiku maana mtandao uko wazi?

Hauko wazi, nimeshasema juu kuhusu bakapu. Bakapu ina dirisha lake, iwe imeisha kabla watu wa asubuhi hawajafika. Ukivuta gemu la giga mia moja, dirisha hilo unalipunguza, na bakapu isiyoisha ni kitu kinachopigiwa simu.

Torenti ndo usiguse kabisa. Torenti haivuti tu, inagawa pia, unapopokea vipande unawapa na wengine, na anwani inayoonekana duniani ni ya mwajiri wako. Wenye haki za muvi wana watu wanaokaa humo wakiorodhesha anwani, barua ya malalamiko inakwenda kwa kampuni ya intaneti, kutoka hapo kwa mwajiri, kutoka hapo inafuatwa saa na kifaa. Kuangalia video kawaida kwenye waifai ya wageni wakati wa mapumziko sehemu nyingi hawajali, shusha ubora wa picha iwe 480 ukiwa kwenye skrini ndogo, utofauti huuoni sana na data inapungua kweli kweli.

Kuna na ulaji wa kimyakimya. Laptopu ilikaa mchana kutwa imezimwa, ukiiwasha kazini inakumbuka apdeti, inapandisha picha zako kwenye hifadhi ya mtandaoni, gemu nazo zinajiapdeti, wewe unaandika barua tu na data inakimbia. Kwenye Windows iweke waifai hiyo kama ya kulipia kwa kipimo, apdeti kubwa nyingi zitasubiri, na simamisha ile hifadhi ya mtandaoni mpaka ufike nyumbani.

Kweli laptopu moja inaweza kuangusha ofisi nzima?

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kinachoitwa WannaCry kilianza kusambaa duniani, na ubaya wake ni kwamba kikishaingia kwenye kompyuta moja hakikusubiri mtu abofye kitu, kilijipeleka chenyewe kwa jirani yeyote kwenye mtandao mmoja mwenye shimo fulani la usalama la Windows ambalo halijazibwa. Hospitali nyingi Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Dawa ya shimo hilo Microsoft walikuwa wameshaitoa mwezi Machi mwaka huohuo, yaani waliopigwa wengi ni wale ambao hawakuapdeti.

Sasa laptopu yako ya nyumbani, ambayo watoto wanachezea gemu, ambayo ina programu za kukrakiwa, ambayo "nitaapdeti kesho" ina miezi, ndo unataka kuileta pale. Kabla hujaunganisha iapdeti nyumbani, antivairasi iwe inawaka, ile inayokuja na Windows inatosha kwa wengi. Kama bado uko Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama hujajiandikisha kwa ile nyongeza ya muda ya apdeti za usalama, mashimo mapya hayazibwi. Laptopu ya namna hiyo iache nje ya mtandao wowote wa kazi. Andikia, chezea, angalia muvi ulizobeba, ila waifai hapana.

Na mimi je, mtandao wao unaweza kuniumiza?

Unaweza, kwa nini usiweze. Ukishajiunga, kwenye Windows ingia mipangilio ya waifai hiyo uangalie mtandao umewekwa kuwa wa umma au wa binafsi, chagua wa umma, hiyo inafunga kushirikisha mafaili na kuificha laptopu kwa majirani. Kwenye Mac ingia mipangilio uzime kushirikisha. Ile ya kupokea mafaili hewani kutoka simu jirani iweke kwa watu unaowajua tu, usiku watu wana utani mwingi.

Wanataka niweke programu yao kwanza ndo niruhusiwe, nikubali?

Uliza inafanya nini. Kuna programu inayocheki tu kama umeapdeti na una antivairasi, hiyo haina neno. Kuna nyingine ya usimamizi kamili, inaweza kufuta laptopu yote kwa mbali, kuona programu ulizoweka, kulazimisha paswedi ya namna yao. Kwa laptopu ya kampuni ni sawa kabisa. Kwa ya kwangu mwenyewe yenye picha za familia, mimi nisingekubali kwa ajili ya waifai ya mapumziko, waifai yenyewe haina thamani hiyo. Bora bando.

Bando langu la simu je, hapo sipo kwenye mtandao wao kabisa?

Haswa, na ndo jibu ninalolipenda. Washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu, mambo yako yanapita kwako. Mwajiri anaweza bado kukataza kutumia laptopu ukiwa lindoni, hiyo ni sheria ya kazi si ya mtandao, lakini logi zake hazikuhusu. Tumia waya wa USB kuunganisha simu na laptopu badala ya waifai, simu inachaji na betri haiishi, na huongezi kelele hewani karibu na waifai ya ofisi. Jina la hotspoti usiliite sawa na la waifai ya kazini kwa utani, vifaa vya usalama vinaliona hilo kama mtego wa kuiba paswedi.

Ila laptopu isiwe kwenye waya wa ofisi na kwenye hotspoti kwa wakati mmoja. Unakuwa umefungua daraja kati ya ndani na nje, na hilo ni moja ya vitu ambavyo watu wa usalama hawana utani navyo.

Kompyuta ya kazini ni taratibu mno, naweza kuandika ripoti ya zamu kwenye yangu?

Naelewa hasira hiyo. Lakini hapana, labda wameruhusu kwa maandishi. Ripoti ina majina ya wagonjwa, namba za magari, nani aliingia saa ngapi. Ikishakaa kwenye laptopu yako inakwenda na wewe kwenye daladala, inapanda kwenye hifadhi yako ya mtandaoni bila kukuuliza, na laptopu ikiibiwa umepoteza data za watu wasiokuwa na habari. Flashi ndo mbaya zaidi, inabeba ripoti huku na kirusi kule. Iripoti kompyuta mbovu kila zamu, kwa maandishi, ikijirudia mara nyingi ndo inanunuliwa nyingine.

Naiacha mezani nikienda kuzunguka, inatosha?

Ifunge skrini kila unapoinuka, Windows ni kitufe cha Windows na L, Mac ni Control, Command na Q. Hakikisha diski imefungwa kwa siri, BitLocker kwenye Windows, FileVault kwenye Mac, mwizi akiichukua anapata chuma tu. Na ule ufunguo wa kurejesha uuhifadhi mahali pengine, si kwenye laptopu hiyohiyo, maana kuna watu wamejifungia nje wenyewe. Chaja usichomeke kwenye soketi zilizoandikwa au zenye rangi maalumu, hizo ni za vifaa vya dharura.

Mwanga wa skrini unanimaliza, nifanyeje?

Punguza mwanga, washa ile rangi ya njano ya usiku, na acha taa nyingine iwake chumbani, skrini pekee gizani ndo inachosha macho. Kila dakika 20 tazama kitu cha mbali kidogo. Zamu ikikaribia kuisha funga skrini mapema, mwanga mkali unachelewesha mwili kutaka usingizi na wewe mchana ndo unataka kulala.

Nimeitwa na watu wa IT asubuhi, niseme nini?

Sema ulichofanya. Wao wana saa, kifaa na kiasi cha data, kwa hiyo ukianza kukana unapingana na karatasi. Usifute historia, usirudishe laptopu upya kabla ya kikao, hilo linafanya kitu kidogo kionekane kikubwa. Kama una ile meseji ya ruhusa itoe. Wakitaka kuichukua laptopu yako waikague, uliza kwa adabu ni kwa kifungu gani cha sheria za kazi na kama kuna karatasi ya kusaini, ni mali yako, na una haki ya kushauriana na chama cha wafanyakazi au mtu wa sheria kabla hujaikabidhi. Ila ukiona kweli laptopu ilikuwa na kirusi wape ushirikiano haraka, kila saa inayopita inahesabika kwenye mashine nyingine.

Nikiacha kazi kuna cha kufanya?

Waombe wafute anwani ya MAC yako kwenye usajili wao. Kwenye laptopu sahau ile waifai isijiunge yenyewe ukipita jirani, toa programu yao kama uliweka, na nenda kwenye orodha ya vyeti uangalie kama kile cha kampuni kimeondoka nacho, maana programu ikitolewa cheti saa ingine kinabaki. Toka kwenye akaunti ya kazi kwenye brauza pia, siyo kufunga tabo tu, toka kabisa.